BOSS OS-2: je, pedali moja inatosha kwa dansi na kwaya, au ninunue mbili?

SoloWaKirumba ameuliza:

Habari za jioni, wapigaji wenzangu. Napiga gitaa la solo hapa Mwanza, na kwa sasa napiga sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Jumapili niko na kwaya ya vijana ya kanisa letu hapa Kirumba, ambako nyimbo za kusifu za siku hizi zinadai gitaa likorome kwa nguvu kila linapofika kiitikio. Ijumaa na Jumamosi niko na bendi ndogo ya dansi inayopiga kwenye harusi na sendofu, mara Nyegezi, mara Buzuruga, na mara nyingine tunavuka ng'ambo hadi Sengerema. Huko kiongozi wetu hataki kusikia gitaa linalokwaruza. Anataka sauti nyororo yenye uzito kiasi cha kusikika juu ya kinanda, basi.

Pedali (kisanduku cha mguu cha kukoromesha gitaa) niliyokuwa nikiitumia ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe ameichukua. Nimempata mtu anayeuza BOSS OS-2 iliyotumika, kwa bei ninayoimudu. Kama wengi mnavyoijua, ina nobu nne: Level ya kiwango cha sauti inayotoka, Tone ya ukali, Drive ya kiasi cha mkoromo, na Color, ambayo ndiyo iliyonivutia, kwa sababu ukiizungusha kushoto kabisa unapata ovadraivu (mkoromo laini), ukiizungusha kulia kabisa unapata distosheni (mkoromo mzito), na ukiiacha katikati sauti hizo mbili zinachanganyika. Nilikwenda kuijaribu nyumbani kwa muuzaji kwa muda wa robo saa, kupitia spika ya kinanda aliyokuwa nayo sebuleni. Upande wa kushoto niliupenda. Nilipofika upande wa kulia, sauti iligeuka kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, nikaingiwa na wasiwasi.

Gitaa langu ni la umbo la Stratocaster, lenye pikapu (vifaa vya sumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi) tatu za koili moja moja. Sina amplifaya, kanisani na kwenye bendi nachomeka moja kwa moja kwenye miksa. Fedha niliyo nayo inatosha pedali moja tu kwa sasa, na ya pili labda baada ya miezi kadhaa. Naomba maoni ya watu walioitumia: je, OS-2 inaweza kweli kubeba kazi zote mbili, na ule mlio wa nyuki unatoka kwenye pedali, kwenye gitaa langu au kwenye mkono wangu?

RizimuMusoma amejibu:

Kaka, ninayo OS-2 na nimeitumia kwenye bendi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Mimi ni mpiga rizimu, na huku kwetu Mara watu wamelelewa na benga; Shirati, alikozaliwa mwanamuziki wa benga Daniel Owino Misiani, iko mkoani kwetu, na bendi yake ya Shirati Jazz ilibeba jina la mahali hapo. Msikilizaji wa benga anataka kulisikia kila dondoo la gitaa peke yake, uzi kwa uzi, hivyo mpigaji akijaza mkoromo anawapoteza watu papo hapo.

Nitataja mipangilio yangu kwa namba za uso wa saa, yaani ile namba ambayo mshale wa nobu unaielekea, wala si saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Drive naiweka kwenye 9, Color kwenye 8, Tone kwenye 11 na Level kwenye 2. Ikiwa hivyo huwezi kumwambia mtu kwamba kuna pedali imewashwa; atasikia tu kwamba gitaa limeshiba. Nikipewa nafasi ya kupiga solo fupi napeleka Color kwenye 12. Zaidi ya hapo sijawahi kuihitaji, kwa hiyo habari za kulia kabisa watakueleza wengine. Kwa upande wangu, inunue.

FundiMiksa_Igoma amejibu:

Ndugu SoloWaKirumba, mimi ni fundi mitambo, na saa nilizokaa nyuma ya miksa katika makanisa na kumbi za Mwanza ni nyingi kuliko nilizokaa na gitaa mkononi. Naomba nianze na hao nyuki, kwa sababu nimekutana nao mara nyingi.

Pedali zote za aina hii hufanya kazi moja ya msingi: hulikuza wimbi la sauti, kisha hulikata vilele. Kinachokata kwa kawaida ni dayodi, yaani kijenzi kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na dayodi za silikoni huanza kupitisha umeme kwenye volti 0.6 hivi. Tofauti ya ovadraivu na distosheni iko hasa mahali dayodi hizo zilipowekwa. Katika BOSS SD-1 ya mwaka 1981 na Ibanez TS9 ya mwaka 1982, dayodi ziko kwenye njia inayorudisha sauti ndani ya chipu ya kukuzia. Kilele kinainama taratibu, na sehemu ya sauti yako safi inabaki humo humo. Katika BOSS DS-1 ya mwaka 1978, na katika ProCo RAT, dayodi ziko baada ya hatua ya kukuza, zikielekea kwenye erthi ya saketi, na kilele kinakatwa kama kwa panga. OS-2, iliyotoka mwaka 1990, ilibuniwa ili kukupa tabia zote mbili katika kisanduku kimoja, na nobu ya Color ndiyo inayopima kila upande utoe kiasi gani.

Wimbi linapokatwa, huzaliwa sauti mpya juu ya ile uliyoipiga: mara tatu yake, mara tano, mara saba na kuendelea. Uzi wa A ukiwa wazi, yaani ule wa tano, unatetema mara 110 kwa sekunde. Ukikatwa kwa panga unazaa 330, 550, 770, na mkia wake unaendelea hadi maelfu ya hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Mkia huo ndio nyuki wako. Spika ya gitaa, ile ya inchi 12 isiyo na twita (spika ndogo ya sauti za juu), huanza kuishiwa nguvu baada ya hezi 5,000 hivi, kwa hiyo inaumeza mkia bila mtu kuishughulikia. Spika ya kinanda na spika za ukumbini zina twita, nazo zimetengenezwa kufika hezi 15,000 na zaidi ili matoazi na sauti za waimbaji zisikike vizuri. Wabunifu wa distosheni hutarajia kwamba mwisho wa njia kuna spika ya gitaa. Ukiipeleka kwenye twita, utasikia kila kilichokusudiwa kumezwa. Kwa hiyo si gitaa lako, wala si mkono wako, na pedali nayo nisingeihukumu kwa robo saa hiyo ya sebuleni.

Dawa zipo. Iliyo bora ni kupata amplifaya ndogo ya gitaa, hata ya kuazima, na kuiwekea maikrofoni kama Shure SM57 karibu kabisa na kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya kitovu cha koni. Ukiielekeza kitovuni ukali unarudi. Inayofuata ni kisanduku cha DI chenye kichujio kinachoiga spika ya gitaa, ambacho kinakaa baada ya pedali na kabla ya miksa, nacho kinaingia kwenye mfuko wa begi la gitaa. Kama vyote viwili havipatikani, mwombe fundi wenu ashushe nobu ya sauti za juu kwenye chaneli yako hadi karibu na mwisho, na kama miksa ina nobu ya sauti za kati inayohama, apunguze kidogo kati ya hezi 3,000 na 4,000, huku wewe ukirudisha Tone ya pedali hadi 9. Hutapata sauti kamili ya spika ya gitaa, lakini watu hawataziba masikio.

Kuna jambo jingine ambalo wapigaji wengi hawalijui. Gitaa lenye pikapu za kawaida likichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la laini la miksa hupoteza uhai, kwa sababu tundu hilo lina ukinzani mdogo mno kwa pikapu, na sauti inafifia hasa upande wa juu. Pedali ndogo za BOSS za familia hii zina bafa (saketi ndogo inayozuia sauti ya pikapu isififie) ambayo inafanya kazi hata unapokuwa umezima athari, mradi tu pedali ina umeme. Maana yake ni kwamba OS-2 itakusaidia hata unapopiga safi. Nimeshuhudia wapigaji wakisifiwa kwa kununua gitaa jipya wakati walichoongeza ni pedali iliyozimwa tu kati yao na miksa.

MzeeWaNyuziSita amejibu:

Wanangu, Fundi amelieleza suala la spika vizuri, nami sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kuzungumzia vidole, kwa sababu pedali hii inamtaka mtu ajue anapiga nini kabla hajaamua Color ikae wapi.

Sisi wa dansi hatupigi uzi mmoja mmoja tu. Sehemu kubwa ya utamu wa solo ya dansi iko katika kupiga nyuzi mbili kwa pamoja, do na mi, re na fa, zikitembea sambamba kama sauti ya kwanza na ya pili zinavyotembea katika kwaya, au tukizigeuza zikawa za sita. Hapo ndipo distosheni inapogombana na muziki wetu, na ugomvi huo una sababu inayoweza kupimwa. Nilifanya kazi ya ufundi wa redio kwa muda mrefu, kwa hiyo mniruhusu niutaje kwa namba.

Piga A ya hezi 440 pamoja na C# iliyo juu yake, ambayo kwenye freti za gitaa ni hezi 554. Nyuzi mbili zikiingia pamoja katika saketi inayokata vilele, hazitoki mbili. Zinazaa na nyingine, na mojawapo ni tofauti yao, yaani 554 ukitoa 440, ambayo ni 114. Sasa A ya chini kabisa katika eneo hilo ni 110, na A# inayoifuata ni 116.5. Hiyo 114 haiko kwa huyu wala kwa yule. Ni sauti ambayo hakuna mtu kwenye bendi aliyeipiga, imeingia nje ya tuni, na imekwenda kukaa palepale anapotembea mpiga besi. Jaribu badala yake A ya 440 na E ya 659, yaani do na so. Tofauti yake ni 219, karibu sawa na A ya 220, na sikio linaipokea kama mtoto wa nyumbani. Ndiyo maana wapigaji wa rock, wanaotumia mkoromo mzito, hushika kodi (sauti zinazopigwa pamoja) za do na so tu na kuiacha mi.

Kwa hiyo, mwanangu SoloWaKirumba, kwenye harusi Color ibaki kushoto na Drive ibaki chini, kwa sababu hata ovadraivu ikizidishwa itaanza kuharibu do na mi zako. Uzito utafute kwenye Level, siyo kwenye Drive. Vijana wengi wanakosea hapo: wanataka kusikika, wanaongeza Drive, gitaa linabanwa na kuzama, wanaongeza tena. Kanisani, ukishaipeleka Color kulia, piga uzi mmoja au do na so, na mi mwachie mpiga kinanda. Fanya jaribio hili leo usiku kwa pedali yoyote ya distosheni utakayoiazima: shika hizo A na C#, mkoromo ukiwa mwingi, kisha sikiliza chini, si juu. Utaisikia ile sauti ya tatu ikinguruma. Ukishaisikia mara moja hutaisahau, na mkono wako wenyewe utaanza kuchagua.

DadaWaBesi_Pasiansi amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Umenipa jibu la kitu kilichokuwa kikinisumbua jukwaani kwa muda mrefu, maana nimekuwa nikitafuta anayepiga nje ya tuni katika eneo langu na kila mtu anakana.

Pamoja na hayo naomba nipingane na ndugu yangu wa Musoma. OS-2 ni pedali nzuri, ila ina swichi moja ya mguu, na swichi hiyo inawasha na kuzima tu. Huwezi kuvuka kutoka ovadraivu hadi distosheni kwa mguu. Ni lazima uiname, ushike Color kwa vidole, na huenda utahitaji kurekebisha Level na Tone pia kwa sababu upande mmoja hauna ukali sawa na mwingine. Nimemwona mpigaji wetu akifanya hivyo katikati ya wimbo, ukumbi ukiwa na giza. Aliinama kabla ya kiitikio akitafuta Color, kidole kikashika Level, gitaa likaruka juu ya sauti ya mwimbaji, na yeye akakosa mapigo manne ya mwanzo akihangaika kuirudisha. Mwimbaji alinyamaza, akatugeukia. Mimi niliendelea na besi peke yangu na mpiga ngoma hadi tulipokutana tena, lakini bibi harusi alikuwa ameshasimama katikati ya ukumbi na hatua zake zimekatika.

Nyimbo za kusifu unazozisema zimejengwa hasa juu ya mabadiliko hayo: ubeti laini, kiitikio kizito, kisha kurudi laini. Kwa kazi hiyo ningekushauri SD-1 na DS-1, mbili tofauti, SD-1 ikitangulia. Kwenye ubeti unawasha SD-1 peke yake, kwenye kiitikio unaongeza DS-1 kwa mguu, na mikono yako haitoki kwenye nyuzi. Anza na SD-1 kwa sababu dansi ndiyo inayokulipa, na hiyo nyingine itafuata. Zote mbili zimetengenezwa kwa miaka mingi sana na bado zinatengenezwa, kwa hiyo si vifaa vya kutafuta kwa tochi.

MzeeWaNyuziSita amejibu:

Marahaba, mwanangu. Hoja yako ya mguu ni ya kweli, na kwa mtu mwenye uwezo wa kununua mbili sina ubishi nawe. Ila kwa mwenye moja, kuna mguu mwingine ambao watu wameusahau, nao ni nobu ya volyumu kwenye gitaa lenyewe. Weka pedali katika hali ya kiitikio, tuseme Color kwenye 1 na Drive kwenye 12, halafu punguza volyumu ya gitaa hadi 5 au 6 kati ya 10 zilizoandikwa kwenye nobu. Wimbi linaloingia likiwa dogo linakatwa kidogo, na gitaa linasafika bila pedali kuguswa. Kiitikio kikikaribia unaifungua kwa kidole cha mwisho huku ukiendelea kupiga. Kwenye Stratocaster nobu hiyo iko karibu na mkono wa kulia kana kwamba iliwekwa kwa kazi hii. Inahitaji mazoezi ya wiki mbili tatu, si zaidi.

FundiMiksa_Igoma amejibu:

Naunga mkono, nikiongeza tahadhari moja: ukipunguza volyumu ya gitaa, ukali nao unapungua kwa sababu ya tabia ya waya mrefu kati ya gitaa na pedali. Tumia waya wa mita tatu, usitumie wa mita kumi, na tofauti utaisikia.

SoloWaKirumba amejibu:

Nawashukuru wote, na kwako Mzee, shikamoo. Nimelifanya lile jaribio la A na C# usiku wa jana kwa distosheni ya kuazima na headfoni, na kweli niliisikia ile sauti ya chini ikinguruma. Nimeshangaa kwamba nimeishi nayo miaka yote nikidhani ni waya mbovu. Dada, hoja yako imeniingia, lakini kwa fedha niliyo nayo nimeamua kuanza na OS-2 na kujifunza kutumia volyumu. Kesho nakwenda kuichukua. Muuzaji hana adapta yake. Nyumbani kuna adapta ya kinanda ya volti 12 ambayo kichwa chake kinaingia vizuri kwenye tundu. Je, naweza kuitumia kwa muda?

FundiMiksa_Igoma amejibu:

Usiichomeke kabisa. Nakuandikia haraka kabla hujalala. Pedali hii inataka volti 9 za umeme wa moja kwa moja, hasi ikiwa katikati ya kichwa cha adapta na chanya nje. Adapta nyingi za vinanda zina chanya katikati, na hiyo yako ina volti 12 juu yake. Kichwa kuingia kwenye tundu si dalili ya kwamba vinapatana. Nimeletewa pedali ya kijana mmoja iliyochomekwa hivyo kwa sekunde chache tu. Ilikuwa imenyamaza, na harufu ya kuungua ilikuwa bado imo ndani. Tazama mchoro mdogo kwenye adapta wenye duara na alama za jumlisha na toa. Alama ya toa iwe ndiyo iliyounganishwa na kitone cha katikati.

Kwa kuanzia tumia betri ya volti 9, ile ya umbo la mstatili. Pedali hizi hula umeme kidogo, na betri ya alkalini itakuvusha shughuli nyingi. Kumbuka tu kwamba inaanza kuliwa pale unapochomeka waya kwenye tundu la kuingilia, hata kama taa haijawaka, kwa hiyo mkimaliza kupiga chomoa. Pia usishawishike kutumia vifaa vya kubadilisha chaji ya simu kuwa volti 9. Baadhi yake vinaleta mlio mwembamba ambao distosheni itaukuza hadi ukumbi wote uusikie.

Ukifika kwa muuzaji, legeza skrubu ya mkono iliyo mbele, inua kifuniko cha mguu, utazame chumba cha betri. Kama kuna unga mweupe au kijani kwenye vishikio, betri iliwahi kuvuja humo. Zungusha nobu zote nne taratibu huku gitaa likilia. Mkwaruzo mdogo ni vumbi na unasafishika, lakini sauti ikikatika mahali fulani na kurudi, nobu hiyo imelika. Bonyeza swichi mara ishirini mfululizo. Tikisa waya kwenye matundu yote mawili. Ijaribu kwa betri na kwa adapta sahihi, kwa sababu tundu la adapta linaweza kuwa bovu wakati betri inafanya kazi.

SoloWaKirumba amejibu:

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu ili yule atakayesoma baadaye asikute swali bila matokeo.

Niliinunua baada ya kuikagua kama Fundi alivyoelekeza. Nobu ya Tone ilikuwa na mkwaruzo, ukaisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Nimepata adapta ya volti 9 yenye hasi katikati. Kwenye harusi mbili za Nyegezi nilipiga na Color kwenye 8, Drive kwenye 9, Tone kwenye 10 na Level kwenye 2, karibu sawa na alivyosema RizimuMusoma, na kwa mara ya kwanza kiongozi wetu hakunigeukia kunionyesha ishara ya kupunguza. Nyuzi mbili za do na mi zilisikika kila moja na mahali pake. Mpiga kinanda aliniuliza kama nimebadilisha pikapu.

Kanisani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Jumapili ya kwanza nilimwomba fundi wetu ashushe sauti za juu kwenye chaneli yangu. Nyuki walipungua lakini hawakuisha. Jumapili ya pili nilikuja na kisanduku cha DI cha kuazima chenye kichujio cha spika, na hapo ndipo nilipoelewa jinsi upande wa kulia wa Color ulivyokusudiwa kusikika: mzito, wenye kifua, bila mchanga juu yake. Niliuweka kwenye 2, Drive kwenye 11, nikapiga do na so tu katika kiitikio. Tatizo lililobaki ni mvumo wa pikapu za koili moja, ambao distosheni inauinua kila ninaponyamaza. Nimegundua kwamba swichi ya pikapu ikiwa nafasi ya pili au ya nne, ambapo pikapu mbili zinafanya kazi pamoja, mvumo unapungua sana kwenye gitaa langu, na nikisogea hatua mbili kutoka kwenye vifaa vya taa unapungua tena.

Volyumu ya gitaa bado inanisumbua. Kidole cha mwisho kinachelewa, na Jumapili iliyopita kiitikio kilianza gitaa likiwa bado kwenye 6. Nafanya mazoezi kila jioni kwa wimbo mmoja uleule. Nimepaka vitone vya rangi ya kucha kwenye kingo za nobu, vyekundu kwa dansi na vyeupe kwa kanisa, ili nisipoteze muda wakati wa kupanga vyombo.

DadaWaBesi_Pasiansi amejibu:

Hongera, kaka. Nitasubiri siku utakapoongeza pedali ya pili, lakini nafurahi kwamba hii imekukubali. Ombi langu moja kama mpiga besi: mwambie mpiga kinanda wenu wa kanisani kwamba gitaa likiwa kwenye vitone vyeupe, apandishe mkono wake wa kushoto oktavu moja juu. Mkiwa watatu pale chini, hata kama hakuna aliye nje ya tuni, besi haitasikika.

SoloWaKirumba amejibu:

Nitamwambia kwenye mazoezi ya Alhamisi. Ameshaniuliza mwenyewe kwa nini nimeacha kupiga mi.